Mkwe Aliyejeruhiwa na Adabu Zake

Ndugu Katibu wa Chama cha Mashua za Tanga,

Kuhusu: Majeraha yangu tisa, safu ya mwisho ya daftari lako, na ombi la mshenga

Pokea heshima zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na duka lako la dawa, ambalo msimu huu limeniona mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu. Mimi pia ni mzima, ukiacha paji la uso, kisogo, pua, ulimi, viganja vyote viwili, paja, nyonga, kidole kimoja cha mkono na kimoja cha mguu.

Nakuandikia kama mwanachama, si kama mgonjwa. Kwa kazi mimi ni karani wa masijala, huu mwaka wa kumi na tisa, na katika muda wote huo sijapoteza faili wala sijajikata na karatasi. Nalisema hili mapema usije ukadhani unashughulika na mzembe. Mwili wangu ulikuwa haujui plasta mpaka nilipopanda mashua namba saba.

Historia unaijua, lakini naiandika ili iwemo kwenye faili. Mashua namba saba ilikuwa ya baba mkwe. Yeye alishika kamba, mama mkwe alishika usukani, na kwa miaka thelathini walilizunguka bwawa letu kila Jumamosi. Baba mkwe alipofariki mwaka juzi, mashua ilifungwa gatini miezi minne. Mama naye alijifungia nyumbani, akikaa dirishani na sweta la kufuma ambalo halikuongezeka hata mstari mmoja. Kanuni ya chama hairuhusu mashua itoke na mtu mmoja. Daktari wa meno, mwanachama mwenzetu, alijitolea kwa moyo mweupe kushika kamba, mama akasema anaongea sana. Ndipo mke wangu, anayefanya kazi mji mwingine na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, aliponiambia: nenda wewe, maana yeye hawezi kukukataa na wewe huwezi kumkatalia. Nikaenda. Nilikuwa sijawahi kuelea hata kwenye beseni.

Jumamosi ya kwanza mama alirudi nyumbani akala chakula chote, akauliza kama kimebaki. Kwa hiyo nimekuwa nikienda kila Jumamosi, jua au manyunyu. Hatuongei sana. Yeye huniita Karani, mimi humwita mama, na maneno mengine yote huwa ni ya kamba na upepo.

Sasa msimu huu wewe ukaanzisha Daftari la Majeraha, na chini yake ukaandika kanuni: mwanachama atakayefikisha majeraha kumi yaliyoweza kuepukika atashushwa nchi kavu mpaka msimu ujao. Mimi ninayo tisa. Jumamosi zimebaki tano. Nikishushwa mimi, mashua inafungwa, na mama anarudi dirishani kwenye lile sweta. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, Ndugu Katibu, kuliko hata nyonga.

Nimelisoma kwa makini bango ulilobandika kwenye mlango wa ghala la matanga, lenye kichwa “Majeraha Madogo ya Mashuani na Namna ya Kuyaepuka”. Mwandiko ni mzuri na wino wa kijani unapendeza. Lakini naona liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kusafiri na mama mkwe wake. Naomba kuthibitisha kwa mpangilio.

1. Paji la uso na kisogo (siku moja, kwa hisani yako likahesabiwa jeraha moja). Bango linasema mashua inapogeuka, kaa chini na inamisha kichwa, kwa kuwa boriti ya tanga, ule mti wa chini unaoyumba kila upande, haina macho. Nakubali haina. Lakini kabla ya kugeuza, nahodha huuliza, “Tayari?” Nahodha wangu ni mama mkwe. Mimi nililelewa kwamba mkubwa akikusemesha ukiwa umekaa, unasimama ndipo unajibu. Nikasimama, nikajibu, “Tayari, mama,” boriti ikanikuta katikati ya neno mama. Nilipoinuka kuomba radhi kwa kuanguka mbele yake, ilikuwa inarudi. Naomba boriti zote za chama zipandishwe hadi kimo cha mtu aliyefunzwa kwao.

2. Kidole gumba cha mguu. Bango linasema vaa viatu vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza. Mashua ile ni mali ya mama, na kwa mama sijaingia na viatu tangu siku ya posa. Huwa navivua gatini na kuvipanga vizuri, ncha zikielekea nje. Sakafu ya mashua ina vile vyuma vya kufungia kamba, vingi kuliko meno ya mamba, na nimevijua kimoja kimoja. Ukucha wa kidole hicho ulishatangulia mbele za haki.

3. Paja. Bango linasema mkono mmoja ni wa mashua na mkono mmoja ni wako, na kwamba chai inywewe mashua ikiwa imetulia. Mama alinimiminia chai kutoka kwenye chupa akaninyooshea kikombe. Niambie, Ndugu Katibu, kitu cha mkubwa kinapokewa kwa mkono mmoja? Nilitoa yote miwili. Mashua ikabaki haina mkono wake, nami sina wangu, na chai ikajichagulia mahali. Sikupiga kelele. Nilisema asante.

4. Nyonga. Bango linasema usikanyage ndani ya duara la kamba na daima tazama uendako. Nafasi ya ndani ya mashua ni ndogo kama kabati la nguo, na kutoka usukani kwenda mbele hakuna njia ila kumpa mama mgongo. Hilo siliwezi. Hivyo huwa natembea kinyumenyume, taratibu, nikitabasamu. Siku hiyo duara la kamba lilikuwa nyuma yangu, yaani mbele yangu.

5. Viganja. Bango linasema vaa glavu, usijizungushie kamba mkononi, na ikikuzidi nguvu iachie. Kuhusu glavu: tunasalimiana kwa mkono kabla ya kuondoka, na sitampa mama mkwe ngozi ya ng'ombe. Kuhusu kuiachia: mama alisema, “Shika hiyo.” Hakusema mpaka lini. Niliizungusha mara tatu ili dhamana isinitoke, upepo ukaja, kamba ikaenda zake na sehemu ya viganja vyangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipaka dawa, ukaniuliza kwa nini sikuiachia, nami nilikuwa sijui nianzie wapi kukueleza.

6. Kichwa kuuma na pua kubabuka kwa jua. Kofia nilivua kusalimia, nikaona aibu kuirudisha. Maji sikunywa kwa kuwa mama alikuwa hajanywa. Alipouliza kama nipo tayari kwa mzunguko mwingine, nilisema tayari. Nilikuwa naona maboya mawili pale penye moja.

7. Pua, safari hii kwa mbao. Hili naomba ulitazame kiutaratibu. Nilikuwa nimesimama nasoma bango lako, nimefika mstari unaosema “ajali nyingi huletwa na kutokuwa makini”. Mlango wa ghala unafunguka kwa nje. Nahodha wa namba mbili alikuwa ndani, amebeba tanga, akauliza kwa sauti kama njia iko tayari. Kwa mazoea nikajibu tayari. Jeraha hili lilitokea nchi kavu, limesababishwa na bango la usalama, na bado limeandikwa chini ya mashua namba saba. Masijalani kwetu faili likiwekwa kabati lisilo lake mtu huandikiwa barua ya onyo.

8. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Bango linasema usiizuie mashua isigonge gati kwa mkono wala mguu, tumia tairi la kando. Hapa nakiri nilikuwa naijua kanuni, na tairi nililiona. Lakini lilikuwa mbali, na ubavu ule wa buluu aliupaka rangi marehemu kwa mkono wake, ndio mpako wake wa mwisho. Mama haruhusu mtu aupake upya. Nilipiga hesabu ya haraka, nikaona kidole kitapona na rangi haitapona, nikaweka kidole. Kwa jeraha hili sidai chochote.

9. Ulimi. Niliuuma mwenyewe, mashua ilipopiga wimbi nikiwa katikati ya kusema tayari.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha malalamiko yangu. Daftari lako lina safu tano: tarehe, kiungo, sababu, dawa iliyotolewa, na ya mwisho isemayo “Lingeepukwaje?” Safu hiyo hujazwa na nahodha. Ukifungua ukurasa wa namba saba utakuta mistari tisa, kwa mwandiko wa mama ulionyooka, na yote tisa imejibiwa kwa maneno mawili yale yale: “Angesema bado.”

Boriti, angesema bado. Chai, angesema bado. Hata mlango wa ghala, angesema bado.

Ndugu Katibu, neno bado ni jepesi kwa mtu wa pembeni. Mdomoni mwangu ni zito kuliko nanga. Naomba nikurudishe nyuma miaka tisa, sebuleni kwa mama huyo huyo, nimekaa kwenye ukingo wa kochi nikiwa na suti ya kuazima. Aliniuliza swali moja tu: uko tayari kumtunza binti yangu? Je, nilikuwa tayari? Nilikuwa na godoro moja, redio, na baiskeli ambayo nusu yake ilikuwa ya binamu yangu. Ningesema bado, leo ningekuwa na redio peke yake. Nilisimama, nikasema, “Tayari, mama,” nikapewa mke. Neno lililompa mtu mke, na mke mwenyewe ni yule, halitupwi kirahisi kwa sababu ya boriti.

Tena fikiria maana yake. Mtu mzima, mwenye mvi, aliyefiwa na mwenzake, amekaa usukanini anakungoja. Halafu wewe umwambie bado? Yaani asubiri? Wewe nani? Mimi kwa mama sijawahi kusema bado, wala hapana, wala chumvi imezidi, na nimekula kwake mara nyingi.

Kwa misingi hiyo naleta maombi yafuatayo.

(a) Safu ya mwisho ifutwe. Inamlazimisha mzazi kuandika maneno ambayo mkwe hawezi kuyasema, na hivyo inavuruga familia.

(b) Majeraha yanayotokana na heshima yahamishiwe kwenye daftari lingine, la mwenendo mwema, na atakayefikisha kumi apewe cheti. Mimi nipo karibu, kama unavyoona.

(c) Ikishindikana, nahodha yeyote azuiwe kumwuliza mkwe wake swali. Amwambie tu kinachofuata, kama wanavyofanya ofisini kwetu.

(d) Ikishindikana hilo pia, naomba kibali cha mtu wa tatu ndani ya mashua: mshenga. Yule aliyepeleka maneno yangu miaka tisa iliyopita bado yu hai. Ni kinyozi wa mtaa wa pili, ana ulimi wa asali na kilo mia na kumi. Atakaa katikati. Mama atauliza kama nipo tayari, naye atanigeukia. Nitamnong'oneza bado. Kisha atamgeukia mama, atakohoa kidogo, atasema kwamba kijana nia anayo, tena nia njema, ila anaomba muda mfupi ajipange na watu wake ili jambo hili la kugeuka lifanyike kwa heshima ya pande zote mbili. Najua kufikia hapo tutakuwa tumeshagonga ukuta wa bwawa. Lakini tutakuwa tumeugonga bila mtu kuvunjiwa heshima.

Nimeshaongea naye. Ana masharti mawili. Kwanza hajui kuogelea, hivyo anaomba jaketi mbili za kuelea, ya mbele na ya nyuma, maana moja haifungi. Pili, mshenga hakai sakafuni, hivyo kitahitajika kiti. Kiti hakitoshi kwenye mashua namba saba, kwa hiyo

(e) mashua irefushwe kwa kiti kimoja. Upande wa buluu usiguswe.

Sioni kama nimeomba makubwa. Ukiyapima maombi haya na gharama ya iodini uliyonipaka tangu msimu uanze, utaona chama ndicho kitakachofaidika. Na ikiwa kamati itaona vigumu yote, basi angalau lile jeraha la saba, la mlango, liondolewe kwenye hesabu, nibaki na manane. Nikiwa na manane nitaweza kumaliza msimu, ikiwa nitakuwa mwangalifu na mama ataniuliza maswali machache.

Nisalimie wana kamati wote. Mpe salamu mama wa jikoni, mwambie barafu aliyoniwekea pajani ilisaidia, na taulo lake nitalirudisha. Msalimie mlinzi wa gati, ambaye kila Jumamosi huviangalia viatu vyangu vizuri kuliko ninavyojiangalia mimi. Salamu pia kwa nahodha wa namba mbili, mwambie pua imenyooka kiasi chake na sina kinyongo. Daktari wa meno nitamsalimia mwenyewe, kwa kuwa ana miadi nami kuhusu ule ulimi.

Wako katika kutii kanuni, kadiri malezi yanavyoruhusu,

Karani, mshika kamba,
Mashua namba saba

Nyongeza, Jumamosi jioni.

Ndugu Katibu, barua hii niliikunja mfukoni asubuhi nikukabidhi gatini, lakini ulikuwa hujafika na upepo ulikuwa mzuri, tukatoka. Ndiyo maana ina unyevu.

Karibu na boya la tatu mama akauliza, “Tayari?” Nilikuwa nimesimama, pekupeku, kamba mikononi na kamba nyingine imenishika kifundo cha mguu. Sijui ni nini kilinipata. Labda ni kwa kuwa nilikuwa nimeliandika neno lile mara nyingi wiki nzima, likazoea mkono wangu, likapanda. Nilisema, “Bado, mama.”

Nikangoja mbingu zianguke. Mama akasema, “Haya,” basi. Hakukunja uso. Akaushika usukani pale pale na mashua ikaendelea mbele. Nikautoa mguu kwenye kamba. Nikakaa. Akanisogezea kwa mguu wake viatu vya marehemu, ambavyo kumbe vimekaa chini ya benchi siku zote hizi, nikavivaa, vinanienea. Akauliza tena, nikasema tayari, na nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani nimelisema likiwa kweli. Boriti ilipita juu ya kichwa changu bila ugomvi.

Baadaye akaniambia, macho yakiwa kwenye tanga, kwamba marehemu alisema bado kila mashua ilipogeuka kwa miaka thelathini, mara nyingine kwa sababu anatafuta miwani aliyoivaa. “Mimi nauliza kwa sababu nataka kujua, Karani. Nisingetaka jibu nisingeuliza. Mwaka wa pili huu nakuuliza, naona kama nabonyeza kengele ya mlango tu.”

Nilishika kamba vizuri, bila kuizungusha.

Tulipofika gatini akasema, “Tangulia kushuka, mwanangu.” Hajawahi kuniita hivyo, hata siku ya harusi. Niligeuka nimwangalie, mguu mmoja ukiwa mashuani na mwingine gatini, na mashua ikafanya kile ambacho mstari wa tano wa bango lako unaonya kwa wino wa kijani: ikajitenga na gati. Goti la kushoto, ngozi imechunika kiasi cha kiganja cha mtoto.

Nililia kidogo. Alidhani ni goti.

Alilichukua daftari lako mwenyewe ofisini na kukaa nalo kwenye ngazi. Akaandika tarehe, akaandika goti, akaandika sababu: kugeuka nyuma. Mimi nilikuwa pembeni nimesimama, nahesabu, maana jeraha hilo lilikuwa la kumi na kanuni yako naijua kwa moyo. Kwenye safu ya mwisho kalamu ilikaa muda mrefu. Kisha akaandika neno moja, akalifunga daftari, akanipa nilirudishe kabatini. Nililifungua njiani. Ameandika: “Halikuepukika.”

Kwa hiyo hesabu yangu inabaki tisa. Kinyozi nimemwambia asijisumbue, ameshukuru sana. Boriti ibaki ilipo, mashua ibaki na urefu wake, na mlango wa ghala ufunguke upendavyo. Na ile safu ya mwisho, nakuomba kwa moyo wote, usiiguse.